Mama Filimbi Apokea Zamu

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja ya utumishi, Sajini Meja wa kituo chetu, anayejulikana kwa wakubwa na wadogo kama Mama Filimbi, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili jioni. Saa hiyo ameitaja mwenyewe. Mkuu wa kituo alimwambia kwamba siku ya mwisho mtu huruhusiwa kuondoka hata saa sita mchana. Akajibu kuwa zamu yake inaisha saa kumi na hajaona waraka unaosema vinginevyo.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni mtunza kitabu cha matukio, yule mnayemkuta kaunta akiwa na kalamu sikioni. Niliomba kazi hii wapewe vijana wenye kompyuta, nikaambiwa mimi ndiye ninayemjua zaidi. Ni kweli. Ila nimezoea kuandika nani kaibiwa baiskeli na nani kampiga nani, saa ngapi, kwa hiyo mkiona maandishi haya yananuka kaunta, mnisamehe.

Wageni waalikwa ambao hawajawahi kulala kwetu, iwe kwa kazi au kwa sababu nyingine, inafaa waelezwe jambo moja. Kituoni kila kinachotokea huandikwa kitabuni: saa, tukio, hatua iliyochukuliwa. Zamu ikibadilika, anayetoka huandika kwamba amekabidhi na anayeingia huandika kwamba amepokea. Anayepokea hasaini mpaka ahesabu kila kitu kwa macho yake, kuanzia mahabusu na pingu hadi ndoo ya kudekia. Akishasaini, lolote litakalopotea ni lake. Ndiyo maana askari mwenye akili hupima sahihi yake kabla ya kuitoa.

Na hakuna aliyeipima kama Mama Filimbi. Miaka mingi iliyopita alikataa kupokea zamu kwa sababu kufuli la stoo lilikuwa na ufunguo mmoja badala ya miwili. Konstebo aliyekuwa anakabidhi alikuwa na miadi ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe zake watarajiwa, ameshapiga pasi na kujipaka mafuta. Alibembeleza, akaapa, akataja jina la mama yake mzazi. Wapi! Saa tatu nzima walitafuta, na ufunguo ukakutwa ndani ya mfuko wa koti lake mwenyewe, lile lile la kwendea ukweni. Wakwe walisubiri mpaka chai ikapoa. Ndoa ilifungwa hata hivyo, watoto wanne wamepatikana, na katika nyumba hiyo mpaka leo hapotei ufunguo. Konstebo huyo ni mimi.

Alianza kazi katika usalama barabarani, kwenye njia panda ya karibu na soko, ambako alisimama miaka kumi na mmoja na kupata jina lake. Filimbi yake ina sauti tatu. Fupi maana yake simama. Mbili fupi maana yake pita upesi na usinitazame. Ndefu sitaieleza hapa kwa sababu kila dereva wa mji huu anaijua mgongoni mwake. Siku moja aliupigia ile ndefu msafara wa bosi mkubwa kabisa ili watoto wa shule wavuke. Wiki iliyofuata zikaja barua mbili katika bahasha moja, ya kwanza ya onyo na ya pili ya pongezi, zote zimesainiwa na bosi yule yule. Mama Filimbi alizifungua, akazitia sahihi ya kupokea zote mbili, akarudi barabarani.

Ilipotangazwa miaka kumi na sita iliyopita kwamba wanatafutwa askari polisi wa kwenda ng'ambo katika ujumbe wa kulinda amani, alijaza fomu siku hiyo hiyo. Mtihani wa lugha alipita. Wa shabaha alipita. Wa kuendesha gari, jamani, ndipo palipokuwa na kazi. Mwanamke aliyetumia miaka kumi na mmoja kuwafokea wenzake wanaoshindwa kupiga rivasi, alikuwa mwenyewe hajapata kupiga rivasi na gari kubwa hata mara moja. Jaribio la kwanza alilaza nguzo nne za plastiki na kiti cha mtahini. Jaribio la pili alishusha kioo, akatia filimbi mdomoni, akatoa mkono nje na kuanza kujiongoza mwenyewe: fupi, anasimama, mbili fupi, anarudi. Gari likaingia katikati ya nguzo kama limezaliwa pale. Mtahini alikuwa mgeni kutoka nchi ya mbali. Tunaambiwa katika fomu aliandika maneno mawili tu: amefaulu, na alama ya kuuliza.

Hapa lazima nimwingize shemeji yetu. Mume wa Mama Filimbi ni mshonaji wa nguo, na mtaa mzima unamwita Fundi. Ni mtu mpole, tepe shingoni, chaki nyuma ya sikio, maneno machache. Wengi wenu hapa sare zenu zimekaa vizuri kwa sababu yake, na wengine, kwa jinsi matumbo yanavyokua, bado hamjarudi kwake lakini mtarudi. Siku mbili kabla ya mkewe kusafiri alikuja kaunta, akasimama kama mlalamikaji. Alisema wataachwa yeye na watoto watatu, binti wa miaka kumi na mmoja aitwaye Mkubwa, wa kati wa miaka minane na kitinda mimba wa miaka mitano, na anaogopa mama yao atarudi akute mambo mengi yamepita asiyoyajua. Simu zinakatika, na yeye si msemaji. Afanye nini? Nikamwambia sisi hapa mtu akitoka zamu hatumsimulii, tunamwandikia. Nikafungua kabati nikampa kitabu kipya cha matukio, kurasa mia mbili, jalada gumu. Afisa wa stoo tafadhali aruke aya hii.

Fundi alikichukua kitabu kile kwa uzito wote. Kwa ruhusa ya wenye nyumba nanakili machache. Wiki ya kwanza: "Saa 12:40 asubuhi. Mtoto wa kati amegoma kwenda shule kwa madai ya tumbo. Amehojiwa. Tumbo limepona baada ya sindano kutajwa." Wiki ya tatu: "Saa 1:00 asubuhi. Baba amemsuka Mkubwa. Matokeo si mazuri. Msaada umeombwa kwa jirani." Mwezi wa pili: "Saa 7:15 mchana. Jogoo wa jirani ameingia jikoni bila kibali. Ametolewa. Saa 7:20, amerudi." Mwezi wa nne: "Saa 3:00 asubuhi. Mama mkwe amewasili kwa ukaguzi wa ghafla. Kituo kimekutwa katika hali ya kuridhisha, isipokuwa masufuria." Na mstari ninaoupenda kuliko yote: "Saa 10:05 jioni. Kitinda mimba ameng'oka jino la mbele. Hakulia. Jino limehifadhiwa ndani ya kopo la vifungo kama kielelezo namba moja, mpaka mama yake arudi."

Huko alikokwenda, Mama Filimbi alikuta kazi ambayo askari yeyote wa kwetu ingemtoa jasho. Mlinda amani wa aina yake habebi bunduki, hakamati mtu, haamuru kitu. Anashauri. Alipangiwa kumshauri polisi wa barabarani wa mji ule katika mzunguko wenye njia tano, ambamo magari, mikokoteni na ng'ombe walikuwa wakikutana kila asubuhi na kushindwa kuachana. Polisi mwenyeji alikuwa na kiti na mwavuli, na alikuwa akitazama. Kwa wiki tatu Mama Filimbi alimshauri kwa maandishi. Wiki ya nne, kama tulivyotegemea sisi tunaomjua, maji yalizidi unga. Akasimama mita moja pembeni ya yule polisi na kumshauri kwa filimbi. Yule bwana alishtuka, akainuka kitini na kuinua mkono, magari yakasimama. Filimbi mbili fupi, akashusha mkono, magari yakapita. Ndani ya mwezi mmoja mzunguko ulikuwa unapumua. Makao makuu yakamwandikia kumuuliza kwa nini anaongoza magari wakati hana mamlaka. Akajibu kwa mstari mmoja kwamba mkono ndio amri, filimbi ni ushauri tu. Wanasheria walikaa kikao, wakakosa pa kumshika.

Aliaga kwamba anakwenda mwaka mmoja. Ukawa miwili. Aliporudi Fundi aliweka kitabu mezani. Mama Filimbi alikisoma siku mbili, akicheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kucheka akalia, kwa sababu jino ni jino lakini aliyeling'oa hakuwa yeye. Akaandika chini ya ukurasa wa mwisho: "Nimesoma. Kazi nzuri sana." Akaweka namba yake, cheo na tarehe. Fundi, aliyekuwa amejifunza utaratibu wetu vizuri kuliko baadhi ya konstebo nisiowataja, akamwonyesha mstari wa chini kabisa aliokuwa ameuchora kwa rula: Aliyepokea zamu.

Hakuusaini. Alimweleza mumewe kwa upole, na baadaye akanieleza mimi kaunta, kwamba jina lake bado liko katika orodha ya wanaosubiri kuitwa tena, na mtu hasaini kupokea lindo ambalo anajua ataliacha katikati. Huo ungekuwa uongo wa maandishi. Fundi hakubisha. Aliufunga mstari kwa nukta nukta, akaweka kitabu kabatini.

Baada ya miaka mitatu akaitwa tena, na Fundi akaja kaunta kuchukua kitabu cha pili. Safari hiyo alipelekwa kwenye kambi ya watu waliokimbia makwao. Alikaa katika chumba cha mabati pamoja na askari wanawake watatu wa nchi tatu tofauti, kila mmoja na saluti yake. Mmoja, mrefu wa kugusa dari, alikuwa hajawahi kuoga kwa ndoo moja. Mama Filimbi alimfundisha kwa hatua tisa, akamtahini, akamfelisha mara mbili. Nasikia sasa huyo ni mkubwa wa polisi kwao na hatua zile tisa ziko katika mafunzo.

Sare za misheni zilikuwa zimeshonwa kwa ajili ya jitu lisilo na kiuno. Wanawake walikuwa wanatembea wameshika suruali kwa mkono mmoja na kupiga saluti kwa mwingine. Mama Filimbi, ambaye katika ndoa yake yote hakuwahi kushona hata kifungo kwa kuwa aliyenaye anatosha, alimpigia Fundi. Jioni tatu mfululizo waliongozana kwa simu, yeye na sindano huko, mumewe na chaki huku, Fundi akimwuliza kitambaa kinalia vipi kikivutwa. Suruali ya kwanza ikatoka na mguu mmoja mfupi. Ya pili ikakaa. Ndani ya mwezi kulikuwa na foleni ya maafisa kumi na wanane mlangoni, wanane kati yao wanaume. Kamanda wa misheni, alipoona gwaride limenyooka ghafla, aliuliza ni fundi gani aliyeajiriwa kambini. Wakamwambia hakuna fundi, kuna simu.

Ni huko huko lilipotokea jambo lililomletea nishani mnayoiona kifuani pake leo. Siku ya kugawa chakula yalitarajiwa malori sita, yakafika mawili. Uvumi ukakimbia kuliko malori yenyewe. Watu elfu kadhaa wakaanza kusukumana kwenye geti moja, wazee na wenye watoto mgongoni wakiwa mbele kabisa, wanabanwa. Walinzi walikuwa wameshaanza kushika bunduki vizuri. Mama Filimbi alipanda juu ya pipa tupu na kupiga ile ndefu. Wanasema hata mbwa walikaa chini. Kisha akaufanya umati kuwa barabara: wenye watoto njia ya kushoto, kumi wapite, simama, wazee njia ya kulia, kumi wapite, simama. Alisimama juu ya pipa kwa saa tano. Chakula kilipoisha walibaki mia mbili na zaidi. Aliwaandikia namba viganjani kwa kalamu, mmoja mmoja, akawaambia kesho wataanza wao. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alikuwa juu ya pipa, na walianza wao. Hakuumia mtu.

Siku ya kuvishwa nishani aliombwa aseme neno. Alisema mtu hakatai kusubiri. Anachokataa ni kutojua zamu yake itafika lini. Basi, akashuka jukwaani. Sisi tuliyapenda sana maneno hayo. Niliyachapisha, nikayabandika ukutani nyuma ya kaunta, na kila mlalamikaji anayegonga meza huwa namwonyesha kwa kidole. Sikujua kwamba siku moja yatamgeukia mwenyewe.

Misheni ya tatu ilikuwa ya kufundisha wengine, miaka mitatu, na kitabu cha tatu kikajaa. Jumla, miaka saba ng'ambo, nishani tatu, vitabu vitatu, na katika kila kitabu mstari mmoja mtupu uliochorwa kwa rula. Hesabu ya mambo yaliyomo ni ndefu: mitihani ya shule, surua, harusi ya shangazi yao, siku Mkubwa alipopata kazi ya uuguzi, siku wa kati alipoanza kuwa fundi umeme na kuzima taa za mtaa mzima. Tangu arudi mwaka jana nyumba imekuwa na raha. Lakini mstari haukusainiwa, kwa kuwa jina lilikuwa bado katika orodha.

Sasa sikilizeni. Miezi miwili iliyopita ililetwa bahasha ndefu yenye nembo ya ng'ambo. Barua zote hupitia kaunta na huandikwa, kwa hiyo mimi kujua si umbeya, ni wajibu. Ilikuwa barua ya kumwomba, akishastaafu, aende kuwa mshauri wa polisi katika misheni mpya, miaka miwili. Nilimkabidhi kimya kimya. Kufikia saa saba mchana kituo kizima kilikuwa kinajua, na mpaka leo sielewi ilivujaje. Penye wengi pana mengi. Wapo waliosema ataenda, simba haachi kuwinda. Wapo waliosema hapana, amechoka. Yeye mwenyewe aliitia barua katika kabati lake na hakusema neno wiki tatu. Mkuu wa kituo alijaribu kumchokonoa kwa kumsifia hali ya hewa ya nchi za nje. Akajibiwa kwamba mvua ni mvua.

Habari ilimfikia Fundi kwa njia ya mteja aliyepeleka suruali ya kupunguzwa. Siku ya pili yake, saa tisa na robo alasiri, alikuja kaunta. Nilidhani amekuja kuuliza, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia sijui chochote. Hakuuliza. Aliniomba kitabu kipya.

Jamani, mimi nimepokea mengi pale kaunta. Nimepokea mtu aliyekuja kushitaki kivuli chake. Lakini siku ile nilikosa pa kutazama. Alisimama pale na tepe lake shingoni, nywele zimeingia mvi zote, hana kinyongo wala lawama, anajiandaa kwa zamu ya nne kama mtu anayenunua chumvi. Nikampa kitabu. Akashukuru, akauliza hali ya wanangu, akaenda. Na mimi, kwa kuwa kazi ni kazi, nikaandika: "Saa 9:15 alasiri. Mume wa Sajini Meja amefika na kuomba kitabu kipya cha matukio. Amepewa. Hakutoa maelezo."

Asubuhi iliyofuata Mama Filimbi aliingia zamu, na kama kawaida yake alisoma kitabu mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Alisoma wizi wa betri, akasoma ugomvi wa wapangaji, akafika hapo. Akasoma tena. Aliinua macho ukutani nyuma yangu, penye maneno yake mwenyewe, akakaa akiyatazama kama anayasoma mara ya kwanza. Nilimsikia akisema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba watu mia mbili wasio ndugu zake aliwaandikia namba viganjani, na huyu hakumwandikia. Hakupiga filimbi siku nzima. Madereva wawili walikuja kuuliza kama anaumwa.

Jumamosi ile aliniita kwake saa nane mchana, nivae sare na nije na kalamu, nahitajika kama shahidi. Nilimkuta kasimama katikati ya sebule kwa viatu vilivyong'arishwa. Fundi amekaa kwenye cherehani, haelewi. Mama Filimbi akamtaka akabidhi zamu.

Ilichukua saa tatu na dakika arobaini, na mimi niliyewahi kuchelewa ukweni kwa ajili yake nilijua tu itakuwa hivyo. Funguo za mlango, mbili, zipo. Masufuria saba, vifuniko vitano, upungufu ukaandikwa. Cherehani mbili, moja nzima, moja inakohoa. Kielelezo namba moja, jino, kwenye kopo la vifungo, lipo, na aliyekuwa mwenye jino, sasa ni mwanachuo wa miaka ishirini na mmoja, akatakiwa kuthibitisha kuwa ni lake. Watoto watatu: mmoja yupo, wawili wamehakikiwa kwa simu. Jogoo wa jirani: si yule, ni mjukuu wake, tabia zile zile. Mwishoni akaandika "mume mmoja, mzima, miwani imeongezeka nguvu, mgongo unalalamika." Hapo Fundi akapinga. Anayekabidhi, alisema, hawezi kuhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyokabidhiwa. Wakabishana kanuni mpaka suala likaletwa kwangu. Niliamua kwamba anayetoka zamu hahesabiwi, ila anaweza kutajwa katika sehemu ya maoni. Wote wawili waliridhika.

Kisha akavifungua vile vitabu vitatu, kimoja kimoja, na kusaini mistari yote mitatu. Aliyepokea zamu: namba, cheo, saa. Fundi alivua miwani na kuanza kuifuta ilhali ilikuwa safi. Mimi nililia. Ninaandika kama ilivyotokea.

Baada ya hapo alinipa barua ya kupeleka posta, haijafungwa, ili nisipate taabu ya kuichungulia kwenye mwanga. Ilikuwa jibu la ile ya ng'ambo, na ilisema hivi tu: "Nashukuru kwa heshima hii. Sitaweza kuja. Niko zamu." Fundi aliruhusiwa kuondoka lindoni. Alitoka nje, akasimama uani mikono nyuma kwa kama dakika kumi hajui aende wapi, halafu akarudi kuuliza kama jogoo ameshatolewa jikoni. Mkewe akamjibu kuwa suala hilo linashughulikiwa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo tunamshukuru Mama Filimbi kwa miaka thelathini na minne ya kutusimamisha tulipotaka kukimbia. Tunawashukuru watoto wake kwa kutuazima mama. Fundi tunamshukuru kwa namna ambayo sina maneno yake. Atapokea leo cheti cha utumishi wa miaka saba katika kituo cha nyumbani, na tumekubaliana wote kusimama kitakaposomwa. Filimbi ni mali ya serikali na mwenyewe aliirudisha stoo Alhamisi, akadai risiti. Ijumaa afisa wa stoo aliiandika kuwa ni mbovu na imeondolewa katika matumizi, hivyo itakabidhiwa kwake leo kama kumbukumbu. Haina ubovu wowote, masikio yetu ni mashahidi. Namshukuru afisa wa stoo, na naamini sasa tuko sawa kuhusu vile vitabu vinne.

Wiki hii nilipita nyumbani kwao kuhakiki tarehe za wasifu huu. Kile kitabu cha nne kilikuwa mezani, kimefunguliwa, na mwandiko wa kwanza ndani yake si wa Fundi. Nimeomba ruhusa ya kunakili mstari mmoja: "Saa 4:10 asubuhi. Fundi bado amelala. Asiamshwe na mtu yeyote."

Afande, kwaheri ya kaunta. Zamu njema.